Kwa mnaoanza kuchora ramani za ardhi oevu za milima ya Andes, Amerika Kusini

Unaweza kutembea saa nzima juu ya changarawe na nyasi ngumu za njano, mita 4,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ndipo ghafla ukanyage zulia la mimea iliyoshikamana, maji yakichuruzika katikati yake. Wenyeji wa Peru, Bolivia na Chile huliita bofedali. Alpaka na lama, mifugo ya huko ya jamii ya ngamia, hutegemea hapo kiangazi kizima.

Kwenye picha za satelaiti, anzeni na kiangazi. Kuanzia Desemba hadi Machi mvua hunyesha, kila bonde huwa na kijani, na mawingu hufunika nusu ya picha. Kufikia Agosti nyasi za mvua zimekauka, na kinachobaki kijani kina maji yanayokilisha kutoka chini ya ardhi. Satelaiti za Sentinel-2 zina pikseli za mita 10, yaani kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10 ardhini, na picha zake ni bure. Hata hivyo, ukanda mwembamba kando ya kijito bado utawapotea. Jihadharini pia na vivuli vya milima, maana kompyuta huvidhania maji.

Msitoe hukumu kwa picha za mwaka mmoja. Niliwahi kuandika kwamba bofedali fulani limekufa, kumbe ulikuwa mwaka wa El Niño, ambayo mara nyingi huleta ukame upande ule. Kumbukumbu za picha za satelaiti za Landsat zinarudi hadi 1972. Zitumieni kabla ya kuandika neno zito kama hilo.

Kisha nendeni kwa wafugaji, na msiende na dodoso peke yake. Tembeeni nao. Nilikuwa nikiona mifereji midogo nikaiweka kwenye ramani kama uharibifu, mpaka mzee mmoja aliponipeleka hadi mwanzo wa mfereji. Familia yake ndiyo iliyokuwa ikiyasambaza maji yale kwa mikono, na bila mfereji huo nusu ya kijani nilichokipima isingekuwepo. Ilibidi nirudie ramani yote. Tangu siku hiyo naamini kuwa vijana wa huko wakihama na mifereji ikaachwa, bofedali nalo hudhoofika.

Chini ya zulia hilo kuna mabaki ya mimea yaliyolundikana kwa karne nyingi bila kuoza, kwa kuwa yamelowa. Yakikauka hupasuka, huanza kuoza na kutoa kaboni, na hayarudi upesi. Kwa hiyo kulinda kijani pekee hakutoshi. Lindeni maji yanakotoka, hata kama ni mbali na hapo. Chile ilirekebisha sheria yake ya maji mwaka 1992 ili visima visichimbwe bila kibali maalumu katika matabaka ya maji yanayolisha mabofedali ya kaskazini. Lakini sheria kama hiyo huhitaji mpaka uliochorwa. Ndiyo maana nawasihi: katika kila bofedali, andikeni mahali chemchemi ilipo, tarehe mliyoiona, na jina ambalo wenyeji wanaliita.