Stresi ya mama inamfikia kifaranga?

SWALI: Habari dokta, nafuga ndege kwenye keji, jike alitaga kipindi kuna paka anazungukazunguka pale usiku kucha, sasa vifaranga wametoka wadogo halafu wanalialia tu muda wote. Inawezekana stresi ya mama imewafikia?

JIBU: Inawezekana kabisa ndugu yangu, ila usimtupie paka lawama zote. Ndege akishtuka mwili wake unamwaga homoni inaitwa kotikosteroni, na kama ndo anatengeneza mayai basi sehemu ya homoni hiyo inaingia mpaka kwenye kiini cha yai, yaani mtoto anaonja hofu ya mamake kabla hata hajatoka kwenye ganda.

Alikuwa anakula nini lakini? Ule umanjano wa kiini unatokana na karotenoidi, yaani rangi za asili zinazotoka kwenye chakula, na jike hawezi kujitengenezea, lazima azile, kwahiyo ukimpa mbegu kavu tu kila siku, kiini kinakuwa hafifu.

Kuhusu kulialia, watafiti waliwahi kuwapandishia homoni hiyo vifaranga wa kittiwake, ndege wa baharini, wakaanza kuomba chakula kwa fujo na wazazi wakaongeza kuleta, ila baadaye wakawa wazito kujifunza chakula kiko wapi. Kelele zinalipa leo, bili inakuja kesho!

Hamisha keji paka asipoona, funika upande mmoja, wape yai la kuchemsha lililopondwa pamoja na majani mabichi. Na acha kuwachungulia kila dakika, na wewe unawatisha.