Gari la mtu linaziba geti langu kila siku: nilitoe upepo?

Mkuu mleta uzi, pole sana. Kwa uliyoeleza, jamaa anapaki getini kwako saa kumi na mbili asubuhi, anapanda mwendokasi kwenda mjini, anarudi giza limeingia. Unauliza kama ulitoe gari lake upepo. Usifanye. Nakwambia kama mtu aliyewahi kuchutama na njiti mkononi kwa kazi hiyohiyo.

Nakaa Kimara, Dar es Salaam, dakika nne kwa mguu hadi kituo cha mwendokasi. Kabla ya 2016 mtaa wetu ulikuwa wa kuku na watoto. Mabasi yalipoanza safari za Kivukoni, wenzetu wa Mbezi, Kibamba na hata Kibaha wakapiga hesabu: uteketeze mafuta kwenye foleni halafu ulipie maegesho Posta, au uache gari Kimara? Kwa kweli hata mimi ningeliacha.

Sasa siku hiyo maji yalikuwa yamekata siku ya tano. Nimepata boza kwa mbinde, linafika, Vitz nyeupe imekaa katikati ya geti. Mpira haufiki kwenye simtanki. Dereva wa boza kanisubiri kidogo, kawasha gari, kaenda kuwauzia wengine. Ndipo nikachutama kwenye tairi. Mzee jirani akaniuliza kwa upole: "Baba Neema, ukishalitoa upepo, si ndiyo litalala hapa?" Nikatupa njiti. Na mwenye gari akidai umemharibia mali, kesi inageuka yako, geti linasahaulika.

Nikaona nijanjaruke, nikapanga mawe na tairi bovu mbele ya geti. Mwenyekiti wa mtaa akaniita: barabara si yako, na anayeweka mawe njiani ana kosa kuliko anayepaki. Nikayatoa kwa aibu.

Trafiki nao nimewajaribu. Askari alikuja mchana, akaandika faini ya elfu thelathini, akaondoka zake. Gari likabaki palepale. Faini inamuumiza mwenye gari, haisogezi gari, na wewe shida yako ni geti. Bredauni nayo usiiite kwa mamlaka yako mwenyewe. Bampa ikichubuka utailipa.

Kilichonisaidia ni kigoda. Nilikaa getini tangu saa kumi na mbili jioni, na saa mbili kasoro jamaa akatokea, tai imelegea, amechoka kuliko mimi. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha. Akasema alidhani geti halitumiki, maana lina kutu na majani yameota chini. Nikaliangalia, nikakosa la kujibu. Tukapeana namba.

Wiki hiyo nikaenda kwa mjumbe wetu, naye akamwona mwenyekiti, tukakaa kikao na majirani. Tulikubaliana mambo mawili tu: upande wenye mageti hapapakiwi, na anayepaki upande wa pili aache namba ya simu kwenye dashibodi. Kibao tulichangishana. Nakushauri uanzie kwa mjumbe kabla ya kwenda polisi, kwa sababu yeye anajua gari ni la nani na mwenyewe ni mgeni wa nani, na maneno yake yana uzito mtaani kuliko yako wewe uliyekasirika. Piga picha pia kila siku, namba ya gari na geti vionekane pamoja. Mkifikishana mbele utazihitaji.

Yule mzee jirani ndiye aliyefaidi. Ana kiwanja kitupu, akafyeka majani, sasa anatoza buku kwa siku na analinda mwenyewe huku anasikiliza redio. Kama mtaani kwenu kuna kiwanja cha namna hiyo, mshawishi mwenyewe.

Wewe paka geti lako rangi kwanza, andika kwa herufi kubwa kwamba linatumika saa zote. Vitz sasa inashinda kwa mzee. Ila tangu Jumatatu imeanza kuja Noah ya kijivu, haina namba kwenye dashibodi, kwa hiyo jioni hii natoa kigoda changu tena.