Pindo la Manyoya Kwenye Picha: Ushauri kwa Wanaoanza Usanifu

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, wasanifu wa picha wa Dar es Salaam na Nairobi huanza kupokea kazi za kadi, mabango na matangazo ya Krismasi, na nyingi kati ya kazi hizo huja na kofia nyekundu ya Baba Krismasi yenye pindo jeupe la manyoya. Kitambaa chekundu hakisumbui, kwa kuwa mikunjo michache na kivuli chake hutosha. Pindo ndilo linalosumbua. Nimeifanya kazi hii kwa misimu mingi, na ninayoyaeleza hapa yanatokana na imani moja: manyoya ya kuchora huaminika kwa mpangilio wake, yaani yanaelekea wapi, yapi yamelala juu ya yapi, na kivuli kimeangukia wapi. Idadi ya nywele zilizochorwa ni jambo la baadaye. Mifano nitaitoa katika GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha, kwa sababu haina malipo na anayeanza anaweza kuiweka hata kwenye kompyuta ya kawaida. Anayetumia Photoshop au Krita atakuta vifaa vingi vinavyofanana na hivi kwa majina mengine.

Wanaoanza huelekezwa mapema kwenye njia ya mkato. Unajaza umbo kwa rangi nyeupe, unanyunyizia chembechembe kwa kichujio, yaani amri ya programu inayobadilisha picha nzima kwa mara moja, unazivuta kwa ukungu wa mwendo ili ziwe mistari, kisha unaongeza kivuli chini. Matokeo yake yanafanana na zulia lililokatwa kwa mkasi. Chembechembe za kichujio zimesambaa kwa usawa kila mahali, ilhali manyoya hukusanyika katika mafungu; ukungu nao unavuta kila kitu upande mmoja, ilhali pindo limezunguka kichwa na mwelekeo wake hubadilika kila sehemu. Ubaya mkubwa zaidi uko ukingoni, ambako mstari unabaki laini na mkali, na jicho la mtazamaji huanzia hapohapo. Brashi ya nyasi inayokuja na Photoshop haina nafuu kubwa, kwa sababu majani yake yamejikunja kama majani, na isipozimwa kipengele chake cha kubadilisha rangi, huchanganya rangi ya mbele na ya nyuma bila kukuuliza.

Kabla ya kufungua programu, tafuta pindo halisi ulitazame. Kofia za sikukuu zinazouzwa madukani hufaa kabisa, maana manyoya yake ya plastiki ndiyo unayokusudia kuyachora. Iweke karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka upande mmoja, uipige picha kwa simu, kisha uikuze picha hiyo. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba katikati ya pindo huoni nywele ndefu hata moja. Pindo ni kama mrija, nywele za sehemu iliyokukabili zinaelekeza ncha zake kwako, na kwa hiyo huonekana fupi mno, karibu vitone na vivuli vidogo. Nywele za ukingo wa juu na wa chini unaziona kwa ubavu, nazo ndizo zinazoonyesha urefu wake wote. Anayechora nywele ndefu zilizo sawa kutoka ukingo hadi ukingo analibana pindo likawa bapa, hata kama kila unywele umechorwa kwa ustadi. Ukilielewa hili peke yake, kazi yako itakuwa imepiga hatua kubwa kabla hujagusa brashi yoyote.

Jambo la pili ni mafungu. Nywele hushikana kwa ncha, zikafanya vishungi vyembamba, na kati ya kishungi na kishungi kuna ufa wenye giza unaoteremka hadi kwenye kitambaa. Giza hilo ndilo linalolipa pindo unene. Manyoya ya mnyama yana jambo la tatu, kwani ngozi nyingi zenye manyoya zina tabaka mbili: sufi fupi na nyororo chini, inayoshika joto, na juu yake nywele ndefu, ngumu na chache zaidi. Kofia ya plastiki haina tofauti hiyo, na kuiongeza humo ni kuchora kitu ambacho mteja hajawahi kukiona.

Hapa niruhusiwe kusema neno kuhusu brashi za kupakua, kwa sababu kila anayeanza huziulizia. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alijichora mwenyewe mwaka 1500 akiwa amevaa vazi lenye ukosi wa manyoya, vidole vyake vikiyagusa, na picha hiyo iko katika jumba la Alte Pinakothek mjini München. Joachim Camerarius, aliyekuwa rafiki yake, alisimulia kwamba mchoraji Giovanni Bellini wa Venice alimwomba Dürer ile brashi anayochorea nywele, akidhani ni brashi maalumu inayotoa nywele nyingi kwa mkupuo mmoja. Dürer akamwonyesha brashi za kawaida, kisha akachora mbele yake. Sikatazi kupakua. Ila brashi iliyotengenezwa na mtu mwingine ina urefu, unene na mkunjo wa kazi yake, na kuilazimisha ifae kofia yako huchukua muda mrefu kuliko kutengeneza yako.

Katika GIMP, fungua picha mpya ndogo ya rangi za kijivu, pikseli 100 kwa 100, yenye mandharinyuma meupe. Chora kwa rangi nyeusi kishungi cha nywele tatu hadi sita zinazoanzia karibu na sehemu moja, kila moja ikiwa na unene wa pikseli tatu au nne kwenye shina na kupungua hadi pikseli moja kwenye ncha. Ncha butu huharibu kila kitu, kwa hiyo lishughulikie hili kwa subira. Kisha ongeza leya nyingine tano au sita, yaani tabaka za picha zinazolala moja juu ya nyingine, katika picha hiyohiyo, na kwenye kila moja chora kishungi tofauti: kimoja kimeinama kushoto, kingine kulia, kingine kina unywele mmoja uliojitenga. Leya hizo zisiwe na uwazi, ziwe nyeusi juu ya nyeupe tupu, ili brashi itumie rangi utakayoichagua wewe. Hifadhi kazi kwa umbo la gih, ambalo ni faili la brashi yenye picha kadhaa, ndani ya folda ya brashi za GIMP, ukiagiza vishungi vichaguliwe kwa bahati nasibu, kisha uisasishe orodha ya brashi.

Hatua inayofuata ni mienendo ya brashi, yaani kanuni zinazoamua brashi ibadilikeje unapochora. Mienendo inayokuja na programu haihaririki, kwa hiyo unda mpya, uiambie kwamba pembe ifuate mwelekeo wa mstari, na ukubwa ubadilike kidogo kwa bahati. Usiichanganye bahati na mwelekeo katika pembe, kwa sababu hapo vishungi huacha kuufuata mstari. Tofauti ya mwinamo umeshaiweka ndani ya brashi yenyewe. Jaribu kwa kuchora duara. Kama nywele zimelala kuufuata mstari badala ya kusimama kuelekea nje, geuza pembe ya brashi kwa digrii 90 katika machaguo ya kifaa. Kama zimeelekea ndani, zigeuze kwa digrii 180. Umbali kati ya alama na alama uwe asilimia 10 hadi 20 ya brashi, na mtawanyiko uwe mdogo, wa kuvunja tu ule mstari wa mashina.

Sasa bonyeza herufi B upate kifaa cha njia, yaani mstari usioonekana kwenye picha ambao programu inaweza kuufuata kwa brashi. Chora njia moja kwa kila safu ya manyoya. Kwa pindo lenye upana wa pikseli 300, safu tano au sita kila upande wa mstari wa katikati zinatosha. Utaratibu wa kuzijaza ni ule wa kuezeka makuti. Mwezekaji huanza ukingoni mwa paa na kupanda, ili kila safu ifunike shina la safu iliyotangulia, nawe vilevile unaanza na safu za ukingo wa nje, ambazo ncha zake zitachungulia nje ya umbo, kisha unasogea kuelekea katikati. Katika orodha ya kuhariri chagua kuchora kwa kufuata njia, chagua kifaa cha brashi, weka alama kwenye kisanduku cha kuiga mienendo ya brashi, na uipe kila safu leya yake. Kadiri unavyosogea katikati, punguza ukubwa wa brashi, kwa sababu ile niliyoieleza ya nywele zinazokukabili. Safu ya katikati kabisa ninaipaka kwa mkono, vishungi vifupi vifupi, wala siruhusu programu iamue.

Kuhusu rangi, weupe kamili ni akiba ya mwisho. Anza chini kabisa na umbo la pindo lililojazwa kijivu chenye ubluu kidogo, tuseme nyekundu 190, kijani 198, bluu 212, kwa kipimo cha 0 (giza) hadi 255 (mwanga kamili). Hicho ndicho kitakachoonekana ndani ya nyufa. Safu za nje zipake rangi iliyokolea kidogo kuliko za ndani, za kati ziwe kwenye 225 hivi, na kiwango cha 250 kitunze kwa vishungi vichache vilivyo upande wa mwanga. Upande wa chini, pindo linapogusa kitambaa chekundu au ngozi ya uso, rangi ya jirani huakisiwa kwenye manyoya. Ongeza leya yenye ukolezi wa asilimia 10 au 15, uipake wekundu mwepesi mahali hapo tu. Watu wengi hawataugundua wekundu huo, lakini ukiuondoa kofia huonekana imebandikwa. Vilevile usisahau kwamba pindo lenyewe linaangusha kivuli kwenye paji la uso, na kingo za kivuli hicho lazima ziwe na manyoya pia. Kivuli chenye ukingo mkali chini ya pindo laini ni kosa ninalolikuta hata kwenye mabango ya kampuni kubwa.

Ukingo wa nje unastahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Programu ikishamaliza safu zake, kuza picha hadi asilimia 100, usizidishe, kwa sababu ukikuza mno utachora vitu visivyoonekana. Chukua brashi ya mviringo ya pikseli mbili na uongeze nywele chache zilizoasi: moja iliyovuka mwenzake, mbili zilizoinama kinyume, sehemu ambapo kishungi kimelala na kuacha pengo. Kifaa cha kuvuta rangi, chenye alama ya kidole, husaidia hapa kikiwa na nguvu ndogo, mradi uvute kutoka ndani kwenda nje kufuata mwelekeo wa nywele. Manyoya meupe juu ya mandharinyuma meupe hayaonekani hata uyachore kwa mwezi mzima. Mteja akitaka kadi nyeupe, weka nyuma ya kofia rangi iliyokolea kidogo, walau kwa kivuli kilichotawanyika, au ukubali kwamba ukingo utasomeka kwa kijivu chake.

Siku moja utaombwa pindo la kofia ya koti la baridi kwa ajili ya tangazo la duka huko Ulaya au Kanada, na maarifa haya yatahitaji marekebisho. Nywele za pindo lile ni ndefu, zimetoka pande zote kuuzunguka uso, zinapeperuka, na za mbwa mwitu au koyote zina mikanda ya rangi, giza na mwanga vikipokezana kutoka shina hadi ncha. Brashi ya rangi moja haiwezi kutoa mikanda hiyo. Chora kwa rangi ya kati, kisha ufunge uwazi wa leya, ili rangi iingie palipochorwa tu, na upake kwa brashi kubwa laini giza upande wa mashina na ukanda mwembamba wa giza karibu na ncha. Urefu wa nywele nao uutofautishe sana. Mbinu hiyohiyo inafaa ukiombwa kuchora ngozi ya mbega inayovaliwa na wachezaji ngoma na wazee wa baadhi ya jamii za Kenya, ila nywele zake nyeupe ndefu huning'inia kwa uzito, kwa hiyo njia zako ziteremke chini badala ya kutawanyika.

Kwa kazi ya kuchapishwa, amua ukubwa kabla ya kutengeneza brashi. Kadi ya A5 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 1748 kwa 2480, na unene wa pikseli tatu au nne nilioutaja ni wa kipimo hicho. Bango la A3 kwa msongamano huohuo ni pikseli 3508 kwa 4961, mara mbili kila upande, na brashi ileile itatoa nywele zinazoonekana nyembamba mno. Kwenye karatasi weupe hauna wino, na kijivu hafifu sana hupotea kabisa, kwa hiyo tofauti nzuri unayoiona kwenye skrini kati ya 245 na 250 huenda isifike mashineni. Ongeza tofauti kidogo, kisha uombe nakala moja ya majaribio kabla ya mamia kuchapwa. Hifadhi faili la xcf, umbo la GIMP yenyewe, likiwa na leya na njia zake zote. Mteja akirudi Desemba akitaka kofia ileile kwa bango la ukutani, njia zitakuzwa bila kupoteza ubora, nawe utalazimika kutengeneza upya brashi na kupaka safu tena.