Kuwatambua wapulizaji watatu wa "A Blowin' Session"

Ndugu, umeuliza utawatofautishaje Johnny Griffin, John Coltrane na Hank Mobley katika albamu hii ya jazz, ilhali wote watatu wanapuliza saksafoni ya teno, ile sauti ambayo wanakwaya wetu huiita ya tatu. Anza na Griffin, mwenye albamu, kwa kuwa noti zake humiminika kama mtama unaomwagwa kwenye ungo, na hata katika wimbo "The Way You Look Tonight", ambao unakwenda mbio kweli kweli, kila punje husikika peke yake. Coltrane ana sauti kavu, yenye makali, na hupanga noti nyingi juu ya kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) kana kwamba anaipekua kila pembe. Mobley ndiye laini, wa mviringo, asiyegombana na ngoma za Art Blakey. Wasikilizaji wengi humpita upesi, nami naamini wanamdhulumu.

Walirekodi tarehe 6 Aprili 1957 huko Hackensack, New Jersey, sebuleni kwa wazazi wa fundi wa kurekodi sauti Rudy Van Gelder. Tumia spika za masikioni, na usikilize "All the Things You Are" mara mbili kwa ajili ya Mobley pekee.