Maswali Yenu: Mtawa aliyemjibu mfalme

SWALI: Habari za kazi dada. Jirani yangu Mwothodoksi alinialika kanisani kwao Jumanne ya Juma Kuu jioni, wakaimba wimbo mmoja mrefu, taratiibu, mpaka mwili ukanisisimka. Baadaye ananiambia eti alitunga mwanamke, mtawa, zaidi ya miaka elfu iliyopita, tena alikuwa aolewe na mfalme akajiponza kwa mdomo wake. Ni kweli au stori tu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mwanamke ni kweli kabisa, ni Kassiani wa Konstantinopoli, ndo Istanbul ya leo, karne ya 9. Mfalme sasa... Inasimuliwa kwamba mwaka 830 hivi Theophilos alipangiwa mabinti warembo achague mke, mkononi kashika tufaha la dhahabu la kumpa atakayempenda. Akafika kwa Kassiani akamchokoza, mabaya yametoka kwa mwanamke, anamsema Hawa huyo. Binti wa watu hakuchelewa: na yaliyo bora pia yametoka kwa mwanamke, yaani Mariamu. Tufaha akapewa Theodora.

Tamu eeh? Ila walioiandika walikuja baadaye sana. Halafu kuna barua za Theodore, abati yaani mkuu wa monasteri ya Studion, aliyefariki 826, anamsifu binti Kassia kwa usomi wake na anamtaja kuwa anataka utawa, na wataalamu wengi wanaona ndo huyu huyu. Sasa kama utawa aliutaka kabla hata ya hilo tufaha, hii habari ya kuachwa akakimbilia monasteri inatoka wapi? Alianzisha monasteri yake mwenyewe hapohapo mjini, akatunga tenzi kibao, za Krismasi zimo.

Kwenye huo wimbo uliousikia anaongea yule mwanamke mwenye dhambi aliyempaka Yesu marhamu, analia kwamba usiku wake hauna hata mwezi, anamwomba anayevuta maji ya bahari yawe mawingu ayapokee machozi yake. Kuna mahali anasema ataibusu ile miguu ambayo Hawa alisikia kishindo chake Paradiso akajificha kwa hofu. Basi watu wakazusha eti mstari huo kauongeza Theophilos, kaja monasterini kumtafuta, Kassiani kajificha, kaikuta karatasi mezani! Yani hata wimbo wa mwenyewe lazima mwanaume apewe kipande. Mi nakataa. Aliyemjua Hawa vizuri pale ni yeye.