Kurudi nyumbani peke yako na gari-nyumba

Ndugu, nimekuelewa: una kilomita 1,900 za kurudi nyumbani na gari-nyumba, uko peke yako, unataka kuzimaliza kwa siku mbili, na unaogopa usingizi. Hofu hiyo isikilize. Gawa safari iwe siku nne. Gari la namna hiyo ni zito na upepo huliyumbisha. Mabega huchoka kabla hujajua.

Mimi husimama kila baada ya saa mbili, hata nikijisikia mzima. Miayo ikifuatana, au ukishindwa kukumbuka kilomita chache ulizotoka kuzipita, usifungue dirisha ukadhani umepona. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka nayo. Kitanda unacho hapo nyuma, kitumie.

Matairi yapime upepo yakiwa ya baridi. Soma pia tarakimu nne za mwisho wa namba ya utengenezaji ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa sana bila kutembea, na tairi huzeeka kashata (mistari ya juu inayoshika barabara) zikiwa bado nzima. Likiwa na nyufa, fundi alione kabla hujaondoka.

Funga mtungi wa gesi. Andika kimo cha gari karibu na usukani, ukikumbuke kabla ya kupita chini ya daraja. Mteremkoni shuka na gia ndogo.

Na kama unasinzia mchana hata ukilala vya kutosha, muone daktari kwanza, safari isubiri.