Madai na migogoro ya ujenzi: majibu kwa wasomaji

Masika yalisimamisha barabara yetu kwa wiki kadhaa. Je, tunastahili muda wa nyongeza? (Mhandisi wa mkandarasi, Ubungo)

Mvua peke yake haitoshi. Masika ya Machi hadi Mei yanajulikana Dar es Salaam, na mkandarasi aliyetia saini mkataba anahesabiwa kuwa aliyaweka katika ratiba yake. Mnapaswa kuonyesha, kwa takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa za miaka iliyotangulia, kwamba mvua ya safari hii ilipita kiasi cha kawaida, na kwamba kazi iliyosimama ndiyo iliyokuwa ikishikilia tarehe ya kukamilisha mradi. Tuta lililochelewa pembeni huku daraja likiendelea kujengwa halitawasaidia. Kama mkataba wenu ni wa mfano wa FIDIC (Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri) wa mwaka 1999, taarifa ya dai hutakiwa ndani ya siku 28 tangu mlipojua, au mlipopaswa kujua, tukio hilo. Mkizipitisha, haki inaweza kupotea hata kama dai lenyewe lilikuwa la kweli. Wengi huchelewa kwa kuogopa kumuudhi mhandisi mshauri anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwajiri, hofu ambayo naiona ghali mno, kwa kuwa barua ya aya mbili inatosha kwa hatua hiyo na maelezo kamili hufuata baadaye.

Je, mtaalamu tunayemlipa atoe ushahidi kuhusu dai letu akiandika maoni yasiyotupendeza? (Mkadiriaji majenzi, Kinondoni)

Mshukuruni. Shahidi mtaalamu anawajibika kwanza kwa wasuluhishi, yaani wanaoamua mgogoro nje ya mahakama, si kwa anayemlipa, na ni nafuu kuujua udhaifu wa dai lenu kabla ya shauri kusikilizwa.

Kwa nini tulipie bodi ya migogoro, yaani wataalamu huru wa kuamua ugomvi wa mradi, wakati hakuna mgogoro? (Msimamizi wa mradi upande wa mwajiri, yaani mwenye mradi, Ilala)

Kwa sababu bodi iliyoundwa mwanzoni hutembelea saiti, huwajua wahusika na kumbukumbu za mradi, na mara nyingi huzima ugomvi kwa ushauri tu. Mgogoro ukipelekwa rasmi, FIDIC huipa siku 84 kuamua, na uamuzi hutekelezwa mara moja; asiyeridhika ana siku 28 za kutoa taarifa, vinginevyo unakuwa wa mwisho. Bodi inayoundwa baada ya pande mbili kuacha kusalimiana huanza kazi kwa kusoma mafaili.

Tukishindwa kuafikiana, twende mahakamani? (Mkandarasi, Temeke)

Someni kwanza kifungu cha usuluhishi. Kikiwemo, mwenzenu anaweza kuiomba mahakama isimamishe shauri, na mtarudishwa kwenye utaratibu wa Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020.